Vyama vya Wafanyakazi na Kazi za Mkonge

Sisi wa Karagwe na Kyerwa, tulio wengi twaishi kwa kibanja cha migomba na kahawa, hatuna desturi ya kugoma. Hata hivyo twasikia watu wakibishana: chama cha wafanyakazi humletea mtu kazi, ama humwondolea?

Na tutazame mkonge wa Tanga. Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde waligoma zaidi ya miezi miwili. Baada ya uhuru mishahara ya mkonge ilipanda sana, na wakati huo huo makumi ya maelfu ya watu wakakosa kazi. Wenye mashamba waliacha kuita manamba wa mbali, wakabakiza wachache na kuwataka wakate zaidi kwa siku. Aliyebaki alishiba, mwenziwe wa Kigoma akakosa hata nauli ya kodi.

Basi wengine wakakilaumu chama. Lakini mwaka 1964 serikali ilivunja vyama huru, ikaweka kimoja tu, NUTA, na migomo ilikwisha kubanwa kwa sheria. Je, kazi zilirudi? La. Bei ya mkonge ilianguka, kamba za plastiki zikaingia sokoni, na mashamba yakazidi kupunguza watu.