Shaushi Abdallah na ardhi isiyo yake: kuitazama upya filamu ya Al-Ard



Sisi tulioishi Aziziya, iwe ya Riyadh au ya Jeddah, filamu tulizoea kuzitazama nyumbani: kwanza kanda za video, halafu dishi. Majumba ya sinema hayakurudi Saudia mpaka Aprili 2018. Katika filamu za Kimisri tulizozitazama iko moja inayotuhusu kuliko tunavyodhani: Al-Ard, yaani Ardhi, ya Youssef Chahine, iliyoshindanishwa Cannes mwaka 1970. Imetokana na riwaya ya Abd al-Rahman al-Sharqawi ya 1954.

Kisa chajulikana. Ni miaka ya 1930, enzi za Ismail Sidqi. Wanakijiji wanapunguziwa siku za maji kutoka 10 hadi 5, kisha bwana mkubwa anataka barabara ya jumba lake ipite juu ya mashamba yao. Mwisho mzee Abu Swelam anaburutwa na farasi, vidole vyake vimeng'ang'ania udongo.

Wengi huishia hapo: mnyonge na bwana, basi. Lakini Chahine hakutuletea "mkulima" mmoja. Yupo Abdel Hadi na kishamba chake; Muhammad Effendi, mwalimu anayejiona karibu na wakubwa; Sheikh Hassouna, mpiganaji wa zamani anayewaacha wenzake mambo yalipokuwa magumu; Elwani, Bedui mlinzi; na Khadra, mwanamke asiye na ardhi wala ukoo. Kila mmoja ana kipimo chake cha ujasiri, na kipimo hicho hufuata anachomiliki.

Halafu wanaletwa askari wa ngamia, watu weusi wa kusini, kuja kukitia kijiji adabu. Mwanzo wanatisha. Baadaye kiongozi wao, Shaushi Abdallah, anaelewana na wakulima. Hapo filamu imefanya jambo la maana: mtu mweusi si kichekesho wala mtumishi wa mlangoni, bali mtu mwenye dhamiri. Ila kwao hatufiki. Wakulima wana mashamba, yeye ana ngamia na amri tu.

Sasa hebu tumfuate mpaka kwetu. Mwaka 1889 Wajerumani waliposhindwa kumzima Abushiri, Wissmann alikwenda Misri kuajiri askari wa Kisudani wapatao 600, wengi wao wakiwa wameachishwa jeshi la Misri. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Wasudani wengine, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 na kupelekwa Uganda. Vyeo vyao walikuja navyo: ombasha, shaushi, effendi. "Afande" tunayoitamka kila siku ni effendi yuleyule wa kijiji cha Chahine!

Wengi wa askari hao asili yao ni watoto na vijana waliotekwa Nuba na kusini mwa Sudan wakatiwa jeshini. Yaani walinyang'anywa ardhi kwanza, ndipo wakatumwa kuwanyang'anya wengine. Wajukuu wa waliotumikia KAR walikaa Kibera zaidi ya miaka 100 wakihesabiwa wageni, mpaka Juni 2017 jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya ekari 288.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema suala la rangi na asili linaharibu uchambuzi wa matabaka. Ukimtoa Shaushi Abdallah, huelewi bwana mkubwa anatawalaje: anamtumia asiye na kwao dhidi ya mwenye kwao. Nasi tunapoandika habari za Abushiri au Maji Maji, askari huyu mara nyingi tunambakisha bunduki tu, hana mama, hana kijiji. Simtetei, waliouawa na bunduki ile ni wazee wetu. Nasema tu kwamba yeye naye alikuwa na ardhi yake mahali fulani, na historia isiyouliza ni wapi imemaliza kazi nusu.

Mwenye la kuongeza na aongeze. Wabillahi tawfiq.