Boma Dogo Katika Malisho Makubwa

Katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, uko uwanda wa majani uliozungukwa na msitu, ambao walowezi Waingereza waliuita Great Meadows, yaani Malisho Makubwa. Siku hizi ni mahali pa kumbukumbu ya taifa, na kijia cha miguu kinachopita hapo ni chepesi hata kwa mzee mwenye mkongojo: chapita katika majani, chaingia chini ya miti, kisha charudi uwandani. Katikati limesimama boma la magogo, la mviringo, lenye upana wa mita 16 hivi. Asiyeambiwa angedhani ni zizi la ng'ombe.

Katika mwaka 1754 Wafaransa na Waingereza waligombania bonde la mto Ohio, nchi ambayo wenyeji wake hawakuwa wamempa ye yote kati yao. Virginia ilimtuma ofisa kijana, George Washington, mwenye umri wa miaka 22. Tarehe 28 Mei, yeye na Tanaghrisson, kiongozi wa Waseneca, waliwashambulia Wafaransa wachache waliokuwa wamepiga kambi korongoni, kilomita chache kutoka uwanda huo. Mapigano yalichukua muda wa robo saa tu. Mkuu wao, Jumonville, aliuawa. Wafaransa walisema kwamba alikuwa mjumbe mwenye barua. Waingereza walisema kwamba alikuwa mpelelezi. Hata namna alivyokufa, mashahidi hawakupatana.

Akitazamia kisasi, Washington alijenga boma lake uwandani. Alikuwa na sababu: farasi walihitaji majani, maji yalikuwa karibu, na mahali palikuwa wazi bila kazi ya kukata miti. Lakini uwanda huo ulikuwa wazi kwa sababu ardhi yake ni ya majimaji, na msitu ulikuwa karibu kiasi cha kufikiwa na risasi. Tanaghrisson alilidharau boma hilo, akaondoka na watu wake kabla ya vita. Kwa maoni yangu, yeye ndiye aliyeisoma ardhi ile vizuri kuliko wote.

Tarehe 3 Julai walifika Wafaransa wapatao 600, pamoja na wenyeji wapatao 100 waliowaunga mkono. Aliyewaongoza ni Louis Coulon de Villiers, ndugu yake Jumonville mwenyewe. Hawakujitokeza uwandani kama Washington alivyotumaini. Walibaki nyuma ya miti, wakapiga risasi kutwa nzima. Mvua kubwa ikanyesha. Mahandaki yakajaa maji, baruti ikalowa. Kati ya watu 400 wa Washington, takriban 30 walikufa, na 70 wakajeruhiwa.

Usiku Wafaransa walitaka mazungumzo. Masharti yao hayakuwa makali: Waingereza waende zao na silaha zao, isipokuwa waache mateka wawili. Mkataba uliandikwa kwa Kifaransa, na Washington hakujua Kifaransa. Mkalimani wake, Jacob Van Braam, alikuwa Mholanzi. Aliusoma katika mwanga wa mshumaa, mvua ikinyesha, wino ukiwa umeenea katika karatasi iliyolowa. Ndani yake kifo cha Jumonville kiliitwa l'assassinat. Ninyi mnaosoma Kifaransa shuleni mwajua uzito wa neno hilo: si kufa vitani, bali ni kuuawa kwa hila. Washington alitia sahihi, na baadaye alishikilia kwamba neno hilo halikufasiriwa kwake hivyo. Wafaransa walilitangaza karibu kama ungamo lake. Lawama zikamwangukia mkalimani, ambaye hakuwapo kujitetea, maana yeye ni mmoja wa wale mateka wawili waliobaki mikononi mwa Wafaransa.

Vita vilivyoanzia katika msitu huo vilienea hata Ulaya, India na Senegal, na havikuisha mpaka mwaka 1763, Ufaransa ilipoipoteza Kanada.

Boma lenyewe lilichomwa moto na Wafaransa kesho yake. Katika miaka ya 1930 lilijengwa upya, lakini kwa umbo lisilo lake, kwa kuwa wajenzi walifuata matuta ya udongo yaliyoonekana juu ya ardhi. Mwaka 1953 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vishina vya magogo chini ya udongo, vimepangwa mduara, na boma likajengwa tena kwa umbo lake la kweli. Hata miti imepandwa, ili ukingo wa msitu urudi pale ulipokuwa siku ya vita. Anayetembea kijiani aone mwenyewe jinsi ulivyokuwa karibu.

Mwaka 1770 Washington alirudi kama mnunuzi. Alinunua sehemu ya uwanda ule ule, hekta 95 hivi, akabaki nayo mpaka alipofariki mwaka 1799.