Viatu Havikuwa na Kosa

Kuna hadithi moja ya kandanda inayopendwa sana vijiweni. Eti mwaka 1950 India ilifuzu kwenda kucheza Kombe la Dunia kule Brazil, ikazuiwa kwa sababu wachezaji wake walikuwa hawavai viatu. Watu hucheka, wengine husikitika, kisha maongezi yanahamia Simba na Yanga. Mimi hadithi hiyo naipinga, maana inamdhulumu mtu. Mtu mwenyewe ni Sailen Manna, beki wa kushoto, ambaye ndiye angekuwa nahodha wa safari hiyo.

Manna alizaliwa mwaka 1924 katika wilaya ya Howrah, jirani na jiji la Calcutta. Mwaka 1942 alijiunga na klabu ya Mohun Bagan, akabaki hapo hapo mpaka alipostaafu mwaka 1960. Klabu yenyewe si ya mchezo. Mwaka 1911, Waingereza wakiwa bado wametawala, Mohun Bagan iliifunga timu ya kikosi cha jeshi lao, East Yorkshire, mabao 2-1 katika fainali ya Ngao ya IFA. Wachezaji kumi kati ya kumi na mmoja walikuwa miguu mitupu! Sasa utaona, msomaji, kwamba kwa watu wa Calcutta kucheza peku hakukuwa aibu hata kidogo. Ndivyo walivyojifunza mpira, na ndivyo walivyomshinda mtawala.

Tarehe 31 Julai 1948, India ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, Manna alikuwa uwanjani kwenye Olimpiki ya London dhidi ya Ufaransa. Wengi wa wenzake hawakuvaa viatu. Walipata penalti mbili, zote zikapotea, na moja aliipiga yeye Manna, fundi wa mikwaju mikali. Sarangapani Raman alisawazisha, lakini Wafaransa wakapata bao la pili dakika za mwisho. Wakatoka 2-1. Kwa timu iliyokuwa ngeni kabisa, hayo si matokeo ya kuchekwa.

Basi tuje kwenye huo mwaka 1950. India ilipata nafasi bila kupiga mpira, kwa kuwa Burma, Indonesia na Ufilipino zilijitoa. Ikapangwa kundi moja na Italia, Sweden na Paraguay. Brazil ilikuwa tayari kubeba sehemu kubwa ya gharama za safari. Waliokataa ni viongozi wa chama cha soka cha India wenyewe. Walisema muda wa mazoezi hautoshi, na katika kuchagua wachezaji hawakuelewana. Manna mwenyewe, alipokuwa mzee, alieleza kwamba viatu havikuwa sababu. Siku zile Olimpiki ndiyo ilikuwa kila kitu kwao, na Kombe la Dunia hawakulijua thamani yake.

Tena jiulize: kama viatu ndivyo vilivyowafungia mlango mwaka 1950, ilikuwaje mwaka 1952 baadhi yao wakacheza tena peku kwenye Olimpiki ya Helsinki? Huko, katika baridi, Manna akiwa nahodha, Yugoslavia iliwachapa 10-1. Ni baada ya kipigo hicho ndipo chama kilipoamuru viatu vivaliwe.

Mimi nina ndoto ya kuandika riwaya, kwa hiyo naelewa utamu wa kile kiatu. Kitu kimoja kinaeleza kila kitu, na msikilizaji hachoki. Lakini hadithi ya namna hiyo inawaacha wakubwa waende zao salama. Uamuzi uliofanywa mezani, na watu waliovaa viatu vizuri tu, unatupiwa miguu ya wachezaji. Miaka inapita, mjukuu anaambiwa babu yake alikosa kucheza na dunia kwa sababu ya ushamba wake.

Na hao hawakuwa washamba. Mwezi Machi 1951, jijini New Delhi, Manna aliiongoza India katika Michezo ya kwanza ya Asia. Waliifunga Indonesia 3-0, Afghanistan 3-0, na katika fainali Iran 1-0, bao la Sheoo Mewalal. Medali ya dhahabu, na lango lao halikuguswa hata mara moja. Kwa beki, sifa gani nyingine unataka?

Serikali ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 1971. Alifariki Februari 2012, na mpaka siku hiyo India ilikuwa haijacheza fainali za Kombe la Dunia hata mara moja. Nafasi ile ya 1950 ilikuwa mkononi. Basi atakapokuja mtu kukusimulia habari za viatu, mpe jina la Manna kwanza, halafu muulize ni nani waliokaa mezani.