Saba Saba mbili

Julai iliyopita mhariri wangu alinituma viwanja vya maonyesho vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa. Ukiwa mwandishi mdogo unajua mambo yanavyokwenda: waziri anaandikwa na wakubwa, wewe unaambiwa "zunguka, utafute chochote." Nikazunguka na jua langu la utosi hadi nikafika kwenye banda moja la vifaa vya ulinzi. Vijana walikuwa wamejaa kama wamesikia kuna pilau ya bure.

Fulana za kuzuia risasi, buti, kofia ngumu, miwani ya kuonea gizani, tochi za kufunga kwenye mtutu wa bunduki. Muuzaji alikuwa hodari wa maneno: hii nyepesi, ile inaona mbali, nyingine haiingii maji. Vijana wakajaribu fulana, wakapigana picha. Nami nikajaribu, sikatai. Nikajiona komando kabisa.

Jioni nikampigia simu bibi yangu, Muleba. Baada ya shikamoo akaniuliza nilishindia wapi. Nikamwambia Sabasaba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nyie mna Saba Saba yenu. Sisi tuna yetu."

Ndugu msomaji, kama wewe ni wa rika langu huenda huijui hiyo Saba Saba ya pili. Hebu tukumbushane.

Ya kwanza unaijua: tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa, na ndiyo iliyoyapa maonyesho jina. Ya pili ni silaha. Kitaalamu inaitwa BM-21 Grad, iliundwa na Warusi na ikaanza kutumika jeshini mwao miaka ya 1960. Ni lori lenye mabomba 40 mgongoni. Kila bomba linabeba roketi moja yenye kipenyo cha milimita 122, na zote 40 hutoka ndani ya sekunde 20 hivi, zikaenda kutua hadi kilomita 20 mbele. Haikutengenezwa kumlenga mtu mmoja. Inapiga eneo. Aliyemo ndani ya eneo hilo, awe na bunduki au na jembe, ni shauri yake.

Ilifikaje kwetu? Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800. Mkoa wetu wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera tumelipata 1979, baada ya vita. Kwa hiyo kila unapoandika "Kagera" kwenye fomu, unaandika habari ya vita hiyo, ujue usijue.

Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda. Kesho yake Mwalimu akasema redioni yale maneno ambayo hata watoto wanayajua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Tarehe 3 daraja la Kyaka likavunjwa. Hapa kuna jambo linalofaa kukumbukwa na wapenzi wa mitambo mipya. Ndege za kivita za Uganda zilijaribu kulipiga daraja hilo zikashindwa. Ikabidi atafutwe mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, akalitega, likaanguka. Ndege za mamilioni zilizidiwa na baruti ya wachimba mawe.

Nyuma ya mto walibaki raia. Inakadiriwa wapatao 1,500 waliuawa. Mifugo ilichukuliwa, nyumba zikachomwa, na kanisa lililobomolewa pale Kyaka likawa gofu la ushahidi. Waliowahi kuvuka walikimbilia kusini, na bibi anasema kwao Muleba walipokea familia mbili, watu tisa ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Ilikuwa majira ya senene. Anasema mwaka ule senene walianguka wengi, na hakuna aliyewasha taa kuwakamata, kwa kuogopa ndege.

Anakumbuka pia malori yaliyopita usiku kuelekea Bukoba. Malori ya jeshi, na malori na mabasi ya watu binafsi yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, yamebeba mgambo. Mengine yalifunikwa maturubai. Askari waliposimama kuomba maji waliwaambia akina mama wasihofu, Saba Saba imekuja. Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi alikuwa mmoja wao, na mpaka leo hajutii. Nani angejuta? Aliyekuja kukutoa chini ya Amin humuulizi silaha yake inapiga eneo au inalenga mtu.

Nilipokuwa chuoni nilidhani hadithi inaishia hapo: adui kaja, tukampiga, tukaingia Kampala 11 Aprili 1979, makofi. Nilipoanza kusoma nikakuta kurasa mbili ambazo hatuzisomi kwa sauti.

Ukurasa wa kwanza ni Lukaya, Machi 1979. Wanajeshi wa Libya waliokuja kumsaidia Amin nao walikuwa na roketi za aina hiyo hiyo. Wakawafyatulia vijana wetu wa Brigedi ya 201, wengi wao mgambo wasiowahi kuona vita. Roketi zikapita juu, zikaangukia mbali, lakini mlio peke yake uliwatosha. Wengi wakakimbia. Siku iliyofuata majeshi yetu yalijipanga upya na kuushinda ule upande, ni kweli. Ila usiku ule mtoto wa Kitanzania aliisikia Saba Saba kwa masikio ya anayepigwa.

Ukurasa wa pili ni Masaka, Februari 1979. Mji ulitekwa, kisha sehemu kubwa ikabomolewa, kulipiza yaliyofanywa Kagera. Wenye maduka na nyumba pale hawakuwa Amin. Wengi walikuwa wakimwombea aondoke kama sisi. Uganda nako jina hilo linajulikana hadi leo, kwa Kiswahili chetu kilekile: Saba Saba. Kwetu ni jina la sikukuu na vigelegele. Kwa mama wa Masaka aliyejificha mgombani ni jina la kitu kingine.

Simaanishi kwamba tulikosea kupigana. Sikuwepo, na nisingependa kuwepo. Nasema tu kwamba Mhaya aliyeonja Oktoba 1978 alipaswa kuwa wa kwanza kuielewa Masaka, na sisi wajukuu tumeshindwa hata kuitaja.

Mwezi huohuo wa Julai, tarehe 25, ni Siku ya Mashujaa. Nilikuwa likizo nyumbani, nikaenda Kaboya, wilayani kwetu Muleba, walikozikwa mamia ya askari wa vita ile. Makaburi yamepangwa kwa mistari, kama gwaride. Palikuwa kimya. Nikasimama nikijaribu kuwafikiria wakiwa vijana, rika langu, wamepewa vifaa vipya asubuhi wakacheka na kuvaliana kofia.

Bibi alikuwa nami, na fimbo yake. Nikamuuliza, yeye angekuwa kwenye lile banda la Dar angemuuliza nini muuzaji. Alifikiri hadi tulipofika barabarani.

"Ningemuuliza kinasikikaje ukiwa upande wa pili," akasema. Kisha akaniambia nimshike mkono tuvuke, maana malori ya siku hizi hayasimami.