Pamba ya Kaja

Anayenunua kitambaa cha chitenje Lilongwe leo anaweza kudhani kwamba bafta na merikani, nguo za kuletwa kutoka nje, ndizo zilizoua usokotaji wa nyumbani Malawi. Sikubali moja kwa moja. Livingstone, aliyepanda mto Shire mwaka 1859, aliwakuta wenyeji wa huko, Wamang'anja, wakilima pamba, wakiisokota na kuifuma wenyewe. Walikuwa na pamba za aina mbili: tonje manga, ya kigeni (mtu wa pwani atalitambua hilo Manga), na tonje kaja, ya kienyeji, yenye nyuzi fupi, ukiishika ni kama sufu ya kondoo. Wengi waliipenda kaja kwa kuwa nguo yake ilikuwa imara zaidi. Utasema kusokota kulikula siku nyingi mno. Kweli, lakini siku hizo walikuwa nazo, mpaka uwindaji wa watumwa na njaa ya 1862–63 vilipoviacha vijiji vitupu.