Kahawa ya Uchaga na Mizani ya Ushirika

Katika tarehe ya Tanganyika kuna tijara moja iliyoanzishwa kwa nia ya kuwahifadhi wakulima wa nchi moja wasidhulumiwe, ikatafuta faida kwa bidii kama tijara nyingine yoyote, kisha faida hiyo ikaitumia kuwanyanyua watu ambao wasingeliweza kunyanyuka kila mtu peke yake. Nayo ni biashara ya ushirika wa kahawa wa Wachaga, wakulima wa mlima Kilimanjaro.

Mbegu zilifika Kilema mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mikononi mwa mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, na kwa muda wa miaka mingi kahawa ilikuwa aghalabu mali ya misheni na ya walowezi, hasa baada ya reli ya Tanga kuwasili Moshi mwaka 1911. Lakini Mchaga alikuwa na kitu ambacho mlowezi hakuwa nacho, nacho ni kihamba: shamba la migomba linalorithiwa na mtoto kwa baba, lenye kunyweshwa na mifongo, yaani mifereji ya maji iteremkayo kutoka msituni, na kurutubishwa kwa samadi ya ng'ombe wanaolishwa zizini. Mbuni hupenda kivuli, na kivuli kilikuwapo tayari. Basi ukapandwa chini ya migomba, mwenye shamba akapata fedha bila ya kupoteza ndizi zake wala mbege yake, yaani pombe ya ndizi.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Moshi, aliwahimiza watu wapande mibuni. Walowezi walighadhibika. Walidai kwamba wadudu na maradhi ya mashamba ya wenyeji yangeambukiza mashamba yao, ilhali dai jingine, ambalo hawakulitamka kwa sauti kubwa kama hilo, lilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kupalilia kahawa ya mwingine kwa ujira. Haikuwa hofu ya bure kwa wenyeji kudhani kwamba wangepigwa marufuku, maana jirani tu, katika Kenya, Waafrika walikuwa wamezuiwa kulima kahawa.

Kwa hiyo mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ndogo kwa sura na kubwa kwa maana: kununua dawa na mabomba ya kunyunyizia kwa shirika, ili hoja ya maradhi ikose miguu ya kusimamia. Kuuza kahawa kwa pamoja kulifuata. Chama hicho kilielemewa na madeni na shutuma mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati bei za dunia zilipoporomoka. Sheria ya vyama vya ushirika ikatoka mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), umoja wa vyama vya msingi vya wakulima, ikaandikishwa badala yake, ikiwa na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Mwenye kutaka kuielewa KNCU na autazame msimu wa kahawa. Mkulima huchuma buni nyekundu, huzimenya siku ile ile kwa mashine ya mkono, huziloweka hata utelezi ukatoka, huziosha, kisha huzianika juu ya vichanja na kuzigeuza mara kwa mara, akichagua mbovu kwa vidole. Zikikauka hupelekwa katika chama cha msingi. Karani hupima, huandika uzito, hutoa stakabadhi na malipo ya awali. Kahawa hushuka Moshi kukobolewa na kuuzwa, na malipo ya mwisho huja baada ya miezi. Baina ya malipo hayo mawili ndipo ulipokaa ushirika wote, kwa sababu katika wasaa huo mkulima hana kitu mkononi ila karatasi na imani yake kwa watu asiowaona.

Imani hiyo haikuweza kuamrishwa, na serikali ilipolazimisha kahawa yote ya wenyeji ipitie KNCU, kisha bei zikashuka, mwaka 1937 watu walifanya ghasia na kuyashambulia maghala ya vyama vyao wenyewe. Siwahesabu watu wale kuwa wajinga, kama walivyohesabiwa na watawala. Walichokataa ni kuendeshewa mali yao kwa amri.

Bei zilipopanda baada ya Vita ya pili, umoja ule ulijenga jumba la ghorofa mjini Moshi na kuwalipia vijana karo ya masomo, hata ikawa watoto wengi wa vihambani walisoma kwa fedha ya kahawa. Si ajabu kwamba mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi.

Mwaka 1976 serikali ya Tanzania iliyavunja mashirikisho ya ushirika kote nchini, KNCU ikiwamo, na yalirudishwa katika miaka ya 1980. Muongo uliofuata wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, wakapanda mlimani na fedha taslimu, na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa kesho hakuona sababu ya kungoja malipo ya pili. Baadhi ya vyama vya msingi vikajitenga na KNCU, vikaipeleka kahawa yao mnadani Moshi vyenyewe, kwa hoja iliyo karibu na ile ya mwaka 1937: kwamba mwenye kahawa ana haki ya kujua inauzwa kwa nani, na kwa kiasi gani.