Katiba ya Tunisia ya 2014: ilivyopatikana na ilivyoangushwa

Katiba hii ilichukua nafasi ya ile ya 1959, baada ya Zine El Abidine Ben Ali, aliyetawala miaka 23, kukimbilia Saudia tarehe 14 Januari 2011. Bunge la Katiba lenye viti 217 lilichaguliwa Oktoba mwaka huo. Ennahda, chama chenye msimamo wa Kiislamu, kilipata viti 89. Kiliwashinda wengine wote, lakini hakikuweza kuandika katiba peke yake.

Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya dini. Machi 2012 Ennahda kilikubali Sharia isitajwe kuwa chimbuko la sheria. Ikabaki ibara ya kwanza ya tangu 1959, kwamba dini ya Tunisia ni Uislamu na lugha yake Kiarabu. Ibara ya 2 ikaongeza kuwa dola ni ya kiraia. Ibara ya 6 iliweka pamoja mambo ambayo wengi huku kwetu wangedhani hayakai chungu kimoja: dola ilinde dini na matukufu, ilinde uhuru wa dhamiri, tena izuie watu kukufurishana. Rasimu iliyomwita mwanamke mkamilishaji wa mwanamume ilizusha maandamano, ikaondolewa.

Mwaka 2013 mambo nusura yaharibike. Wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, waliuawa kwa risasi, na Bunge likasimamishwa kwa muda. Waliokoa jahazi ni chama cha wafanyakazi UGTT, waajiri, mawakili na watetezi wa haki za binadamu, waliowakalisha wanasiasa meza moja. Walipewa Nobel ya Amani 2015. Katiba ilipita tarehe 26 Januari 2014 kwa kura 200. 12 walipinga, 4 hawakuegemea upande.

Kasoro, kwa maoni yangu, haikuwa katika maandishi. Mahakama ya Katiba ilitakiwa iwe na majaji 12, wanne wakichaguliwa na Bunge kwa theluthi mbili. Vyama vikavutana miaka nenda miaka rudi, akapatikana mmoja tu. Tarehe 25 Julai 2021 Rais Kais Saied alitumia ibara ya 80, ya hali ya hatari, akasimamisha Bunge, ingawa ibara hiyohiyo inataka Bunge liendelee na vikao. Mahakama ya kuamua nani yuko sawa haikuwako. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo, katiba mpya inayompa rais mamlaka makubwa ilipigiwa kura ya maoni. Waliojitokeza hawakufika theluthi moja ya wapiga kura.